Mtoto wa Kiti cha Mbele

Mwaka jana nilikwenda Likasi kumjulia hali kaka yangu. Sijamaliza hata maji ya kukaribishwa, nikasikia hodi mlangoni. Akaingia mama mmoja mzee, amejifunga kikwembe kipya kinachong'aa, na nyuma yake kijana ameshika funguo. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Ndiye yule aliyekuwa akiuza karanga soko la Kikula enzi zetu, aliyekuwa akisafiri na mama yangu katika lori moja. Alinikumbatia, akalia kidogo, akauliza nina watoto wangapi, kisha hapo hapo akanishika mkono na kuanza kunivuta nje.

“Kuya, mama. Mujukuu wangu amepata motokari yake. Upande ku mbele, kidogo tu. Kesho njo anaanza kazi.”

Nje palisimama basi dogo jeupe, limeoshwa hadi magurudumu. Nikapanda. Ni mkubwa wangu yule, ningefanyaje? Nikakaa kwenye kiti cha mbele na umri wangu huu, mkoba mapajani, majirani wakinitazama, na yule mama akipigapiga bati la gari kwa kiganja: asante, asante, sasa hakuna kitakacholipata. Mjukuu wake alitazama chini kwa haya. Nilishuka nimeuma meno. Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Hasira iliyonishika pale haikuwa ya siku hiyo, ilikuwa ya miaka mingi, na hasira ya namna hiyo, rafiki yangu, haina pa kwenda. Ndiyo maana nakusimulia wewe.

Nyumba yetu ilikuwa Kikula, karibu na soko, nyumba ya matofali mabichi ambayo baba aliijenga kwa mikono yake siku za mapumziko. Baba alikuwa fundi wa kulehemu kiwandani. Siku zile mji mzima ulikula, ukalala na kuamka kwa king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi, mama anawasha mbabula, lile jiko la mkaa lenye matundu ubavuni, na kuliweka nje lipigwe na upepo. Kikilia mchana, bibi anatia unga kwenye maji yanayotokota, na sauti ya mwiko wake ukigeuza bukari ndiyo iliyotuita kutoka barabarani, tulikokuwa tukiokota vijiwe vya kijani vyenye shaba na kuvifanya pesa za mchezo. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda ulishuka ukatuwasha koo, na nguo kwenye kamba zikapauka kabla hazijachakaa. Tulilalamika sana. Hatukujua kwamba tungekuja kuutamani moshi ule.

Maana ulikatika. Kwanza ilianza posho. Kila mwisho wa mwezi baba alikuwa akileta gunia la unga, mafuta, na samaki wa chumvi waliofungwa kwenye karatasi nzito. Likawa nusu gunia. Likawa hakuna. Mshahara ukachelewa, halafu ukawa hadithi tu. Siku moja king'ora hakikulia, na bibi alisimama jikoni ameshika mwiko, anasubiri, hajui kama wakati wa kupika umefika au bado. Baba aliendelea kuvaa ovaroli yake kila asubuhi na kwenda kukaa langoni pa kiwanda na wenzake. Jioni anarudi, anavua viatu, analala. Mama ndiye aliyetoka kutafuta.

Lakini kabla sijafika kwenye lori, lazima nikuambie habari za ukuta na za beseni, maana bila hizo hutaelewa nilivyofikishwa kwenye kiti kile.

Ukuta ulikuwa wa jikoni. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, ile mvua yetu ya Katanga inayopiga mabati usisikie hata unavyofikiri, na matofali yalikuwa yamenywa maji hadi yakalainika kama mkate kwenye chai. Mimi nilikuwa nimeingia chini ya meza kumtafuta kifaranga aliyemkimbia mama yake. Nilimshika tu, giza likaniangukia. Walinifukua kwa majembe na kwa mikono. Meza ilikuwa imeshikilia mzigo wote. Nilitoka mwekundu wa udongo, sina hata mkwaruzo, na kifaranga kiganjani amekufa. Majirani waliinua mikono juu wakamsifu Mungu. Mimi nilikuwa namlilia kifaranga. Mtu mmoja akaniambia ninyamaze, nishukuru.

Beseni lilikuja mwaka wa uporaji, askari waliokosa mishahara walipovunja maduka mjini na watu wakaingia nyuma yao kuchukua kilichobaki. Mama alikuwa amenituma kuuza vitumbula, yale maandazi madogo ya mafuta, pembeni mwa barabara. Nikasikia milio, nikaona watu wanakimbia, na mimi nikakimbia na beseni langu kichwani. Mahali fulani kati ya barabara kubwa na nyumbani, kitu kiligonga beseni, ngwaa, karibu shingo initoke. Nilipofika uani lilikuwa na tundu upande huu na tundu upande ule. Risasi, wakasema majirani. Bibi alilitazama, akasema risasi au msumari, mtoto apewe maji ya kunywa kwanza. Lakini nani angemsikiliza? Kwa siku nyingi watu walikuja kuingiza vidole katika yale matundu, na kunigusa kichwa. Hakuna aliyeniuliza kama napata usingizi. Nilikuwa sipati.

Sasa lori. Mama alianza kwenda Bunkeya kununua mahindi, na wenzake wa sokoni, akiwemo yule mama wa karanga. Lori lenyewe lilikuwa zee, milango imefungwa kwa waya, sakafu ina tundu ambamo ukiinama unaona barabara ikikimbia. Dereva wake alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, lakini aliyeongozwa na ndoto. Akiota maji, haendi. Paka akikatiza mbele yake, anazima injini na kungoja mtu mwingine apite kwanza. Likizo ya mwaka wangu wa tano shuleni, mama alinichukua nimsaidie kulinda magunia.

Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, kwenye mteremko mmoja unaoshuka kwenye kijito, breki zilikataa. Nilikuwa juu ya magunia pamoja na wanawake. Nakumbuka dereva akipiga honi, kana kwamba barabara ingetupisha, kisha lori likaacha njia, likagonga kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vyetu virefu kuliko nyumba, na kulala ubavu. Mimi niliruka hewani. Niliangukia kwenye majani marefu, mgongo kwanza, nikabaki natazama mbingu. Nilisikia kilio, magurudumu yakizunguka bila kazi, mahindi yakimwagika kwenye matope kwa sauti ya mvua. Mwanamke mmoja alivunjika mfupa wa bega. Mwingine alipoteza meno. Mimi nilisimama, na ndara zangu zote mbili zilikuwa miguuni.

Mama wa karanga ndiye aliyenikuta. Alinigeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya, akapiga yowe.

“Ni ule mutoto wa beseni! Muone! Hata alama moja hana. Yeye njo alituchunga, bila yeye tungekufa bote!”

Wote wakageuka kunitazama, hata yule aliyeshika bega lake lililovunjika. Mama yangu alikuwa amepiga magoti kwenye matope anachota mahindi kwa viganja. Naye alinitazama. Sikuwahi kuona macho yale kwake. Hakuwa akinitazama kama mama anavyomtazama mtoto. Alinitazama kama mtu aliyekuta kitu njiani na anajiuliza kina thamani gani.

Wiki iliyofuata lori lilipotengenezwa, dereva alikuja nyumbani mwenyewe, kofia mkononi.

“Mama, ule mutoto anaenda na siye?”

“Masomo imefunguka,” mama alijibu.

“Kama anakuya, magunia yako inapanda bure. Na yeye atakaa ku mbele, pembeni yangu.”

Mama alitazama debe la unga lililokuwa pembeni mwa mlango, na sote tulijua lilikuwa tupu, kwa sababu kuku alikuwa amelala ndani yake. Alhamisi alfajiri nikaamshwa, nikavishwa gauni la kanisani, nikapandishwa mbele.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtoto wa kiti cha mbele. Utadhani ni heshima, sivyo? Watoto wenzangu wa Kikula walinionea wivu. Laiti wangejua. Nilikaa mle kama mfungwa wa gereza la Buluo, katikati ya harufu ya mazuti, ile dizeli ya lori, na jasho, fimbo ya gia ikinigonga goti kila dereva anapoibadilisha. Kila mteremko nilifumba macho. Kila daraja la magogo nilibana pumzi hadi upande wa pili. Wanawake walinipaka mate ya baraka kabla ya safari, wakaniwekea vichanga vyao mapajani ili navyo vilindwe. Na kila tulipofika salama, ni mimi. Hata mvua isiponyesha barabarani, ni mimi.

Shule ilinitoka polepole. Nilikuwa napenda shule, nikuambie ukweli, kuliko chakula. Nilikuwa wa kwanza katika imla ya Kifaransa. Mwalimu wetu alikuwa na koti moja tu, halipwi na serikali, wazazi ndio waliomchangia unga na mkaa, lakini aliandika ubaoni kwa herufi nzuri kama za kitabu. Safari za Bunkeya zilinila siku tatu, wakati mwingine wiki nzima lori likiharibika. Nikirudi, mwalimu ananitazama juu ya miwani yake.

“Ah, umekuya kututembelea?”

Darasa linacheka. Alikuwa akitania, lakini nilitamani sakafu inimeze. Mwaka ule uliofuata ulikuwa wa mtihani wa darasa la sita, na mimi hesabu za sehemu zilikuwa zimenipita zote nikiwa njiani kulinda mahindi.

Siku moja nilijikaza nikamwambia mama. Tulikuwa uani, ananifunga kitambaa cha kichwa tayari kwa safari.

“Mama, minye naogopa.”

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alicheka kwa upendo, huku akikaza fundo.

“Weye? Uogope nini? Weye hauumiaka.”

Nimeyabeba maneno hayo maisha yangu yote. Ukimwambia mtoto kwamba haumii, umemnyang'anya hata ruhusa ya kulia. Nikijikwaa, nilinyamaza. Nikiungua na mbabula, nilificha kidole kinywani. Kwenye chumba cha maombi mchungaji alinisimamisha mbele nitoe ushuhuda wa ukuta, beseni na lori. Nilianza na kifaranga, jinsi alivyokuwa na joto kiganjani na jinsi joto lilivyokwisha. Mchungaji akanikatiza, akamalizia ushuhuda mwenyewe.

Bibi peke yake hakuingia katika furaha hiyo. Tulimwita kambo, kama wanavyoitwa bibi na babu kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na jioni moja nilimsikia akimwambia mama, huku akichambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe:

“Chungu chenye hakipasukake, njo banapelekaka ku mto kila siku.”

“Mama, tutakula nini?” mama alijibu.

Bibi aliendelea kuchambua. Nadhani mama hakuwa akimjibu kwa kiburi. Lilikuwa swali kweli.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimechomwa, majivu yakipeperuka juu ya barabara, na jua lilikuwa jekundu katikati ya moshi. Tulikuwa tukirudi na mzigo mzuri, wanawake juu wakiimba, mama miongoni mwao. Alasiri. Tulipozunguka kona moja, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Dereva alikanyaga breki, na safari hii breki zilimtii.

Walitoka nyuma ya kichuguu, watu wachache, wamevaa vipande vya sare. Mmoja ana suruali ya jeshi na jezi ya mpira wa miguu. Mwingine, aliyeelekea kuwa mkubwa wao, ana bunduki iliyofungwa kwa kamba ya katani na ndara za mpira wa gurudumu. Siwezi kukuambia walikuwa askari au la. Zama zile mtu angeweza kuwa askari asubuhi na kitu kingine jioni.

“Bote chini!”

Wanawake wakaanza kushuka. Dereva hakushuka. Aliinama juu ya mapaja yangu, akafungua waya wa mlango wa upande wangu, akanisukuma nje taratibu.

“Tangulia, mwana. Weye njo utasema nabo.”

Nikajikuta nimesimama barabarani. Wanawake walikuja upande wangu, lakini hawakusimama pembeni yangu. Walisimama nyuma yangu. Nilihisi mikono miwili mabegani, nikajua kwa harufu ya karanga za kukaanga ni ya nani, na ile mikono ikanisukuma mbele, hatua, na hatua nyingine, mpaka nikawa ninaona kucha za miguu za yule mwenye bunduki. Moja ilikuwa nyeusi, imekufa.

“Nini iyi?” aliuliza. “Munanitumia mutoto?”

Mama wa karanga akazungumza juu ya kichwa changu. “Baba, utuachie. Huyu hapana mutoto wa kawaida. Hauumiaka. Nyumba ilimuangukia, risasi ilimupita, kamyo ilimutupa. Ukimugusa, mambo itakurudilia.”

Yule mtu alinitazama muda mrefu. Kisha akacheka, akawaita wenzake.

“Kuyeni muone! Banasema eko mutoto hauumiaka.” Akainua bunduki, akaweka mtutu wake kifuani pangu, hapa, chini kidogo ya shingo. “Haya. Tutaona.”

Chuma kilikuwa na joto la jua. Sijui kwa nini nakumbuka hilo. Nilisubiri mtu aninyanyue. Nilisubiri dereva aseme kitu, yeye mwenye ndoto nyingi. Hakuna aliyesema, na ile mikono mabegani haikunivuta nyuma. Ilinikaza, nisikimbie. Jambo hili, rafiki yangu, nimejaribu kulimeza kwa namna zote, na halimezeki. Watu wazima wote wale. Walikuwa wakingoja kuona, kama yeye alivyokuwa akingoja kuona.

Ndipo nikasikia vurugu nyuma, mtu akipasua kati ya watu kwa viwiko. Mama alikuwa amekaa juu kabisa ya magunia, mwisho wa lori, alikuwa wa mwisho kushuka. Alifika kikwembe kimefunguka, kitambaa cha kichwa kimedondoka, akajitupa kati yangu na yule mtu, na bunduki ikawa kwenye bega lake.

“Banadanganya!” alipiga kelele. “Banadanganya, baba! Anaumiaka! Minye njo nilimuzala, minye njo namujua. Anaumiaka! Malaria inamukwataka. Anaunguaka na moto, anaficha kidole mu kinywa anawaza siyaone. Analiaka usiku. Ni mutoto tu. Ni mutoto tu, baba, anaumiaka kama bote!”

Kwa hiyo alijua. Kidole alikijua. Kilio cha usiku alikijua. Nilisimama pale na bunduki ile, na kilichonijia kwanza hakikuwa hofu wala faraja. Ilikuwa hasira: ulikuwa ukijua.

Yule mtu alinichungulia kando ya bega la mama.

“Ni kweli? Unaumiaka?”

“Ndiyo,” nilisema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia, “Ndiyo, naumiaka.”

Akashusha bunduki. Alitema mate majivuni, akawatazama wanawake na dereva wao mmoja mmoja.

“Bantu bazima, munajificha nyuma ya mutoto. Haya, bintu yote chini!”

Fikiria, mwizi ndiye aliyetuambia ukweli. Kisha akatuibia. Walichukua mahindi yote, karanga, kuku, viatu, saa ya dereva, vitenge vilivyokuwa vipya. Walimnyang'anya mama hata kikwembe kilichofunguka, akabaki na gauni la ndani. Wakaondoka kupitia majivu, wakituachia lori tupu. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyevuja hata tone la damu.

Halafu, hutaamini, mama wa karanga akainua mikono.

“Haleluya! Hata mumoja hakuumia!”

“Si nilisema?” dereva akadakia, anajifuta jasho. “Si nilisema tuende naye?”

Wakaanza kuimba. Pale pale, pekupeku, barabarani. Mama hakuimba. Alichutama, akanipandisha mgongoni, mimi niliyekuwa nimekaribia urefu wake, akaanza kutembea. Lori lilitufuata polepole nyuma yetu, dereva ametoa kichwa nje akibembeleza: mama, panda, mama, ni mbali. Alitembea hadi akachoka kabisa. Mwishowe akapanda, lakini nyuma, kwenye sakafu tupu, akanikalisha kati ya miguu yake akanishika. Kiti cha mbele kilirudi Likasi bila mtu.

Alhamisi iliyofuata dereva alikuja na kofia yake mkononi. Mama alikuwa anafagia, hakuinua kichwa.

“Uende na mutoto wako,” alimwambia.

Wenzake hawakumsamehe. Sokoni walisema amemkana mtoto mbele ya bunduki, kwa hiyo ameharibu ulinzi wa wote. Meza yake ikasogezwa hadi pembeni, karibu na mfereji. Lori liliendelea kwenda Bunkeya bila mimi, likirudi salama, safari baada ya safari, na hakuna hata mmoja aliyesema labda tulimsumbua mtoto bure. Mama alibaki na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, akiuza kwa vikombe. Tulikula mara moja kwa siku. Nami nikarudi shuleni, nikakaa dawati la kwanza, nimenoa penseli, na kabla mwezi haujaisha walimu wakaweka chini chaki kwa kukosa mishahara. Mwalimu wetu wa miwani alikwenda machimboni kuchimba kama wengine. Nilikuwa naingia darasani hata hivyo. Ubao ulibaki na imla yake ya mwisho mpaka mvua ilipovuja na kuifuta. Mtihani nilikuja kuufanya mwaka mwingine, kwa mwalimu mwingine, nikafaulu. Lakini furaha yake ilikuwa imechelewa, na mambo mengi ya zama zile yalitufikia hivyo, yamekwisha poa.

Hakuna aliyeumia. Ukikaa na watu wa umri wangu kutoka kwetu utasikia wanavyomaliza kila hadithi kwa maneno hayo. Nyumba iliporwa, lakini hakuna aliyeumia. Treni iliacha reli, lakini tulitoka wazima. Baba alikaa langoni pa kiwanda mpaka akazeeka, lakini mzima. Ni kama kifuniko, kinawekwa juu ya sufuria na mazungumzo yanakwisha. Nami nimekifunua mara nyingi mbele ya watu, wananitazama kama mtu asiye na shukrani.

Jioni ile tuliporudi, mama alichemsha maji. Hatukuwa na mahindi, viatu wala kikwembe, lakini mkaa kidogo ulikuwepo, akautumia wote. Alinivua nguo, akanisimamisha kwenye karai uani, bibi ameshika taa ya kibatari ingawa mwanga wa jua ulikuwa bado upo. Mama alianza kichwani. Alinibonyeza kwa kidole, taratibu.

“Hapa unaumia?”

Nilimtazama. Hapakuwa na kitu pale.

“Ndiyo,” nilisema.

Akapapuliza, akapaosha. “Na hapa?”

“Ndiyo.”

Bega, ndiyo. Kiwiko, ndiyo. Kifua pale chuma kilipokuwa, ndiyo. Magoti, nyayo, kidole kwa kidole. Hakuniambia nasema uongo. Hakuharakisha. Maji yalipoa, bibi akaongeza mengine, na mama akaendelea kuuliza na kupuliza, na mimi nikaendelea kusema ndiyo mpaka nikaanza kulia, na nikalia kwa sauti, majirani wakisikia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ua ule haupo tena, kaka yangu amejenga juu yake. Barabara zimetiwa lami, malori yanapita usiku na mchana yamebeba mawe ya watu wengine. Bibi alitangulia, kisha baba, kisha mama, kitandani, baada ya ugonjwa mfupi ambao hakuulalamikia. Hatukuzungumza kamwe juu ya ile safari. Sikumwuliza kwa nini alichelewa kushuka kwenye magunia, wala kwa nini alinipandisha kwenye lori lile kwanza, ilhali alikuwa akijua. Nilikuwa na hasira naye nikiwa msichana, na hasira yenyewe haijakwisha, nisikudanganye. Lakini watu wengi wamenisifu maishani kwa kuwa mzima. Aliyekaa akatafuta panapouma alikuwa yeye tu. Na kuna mahali pengine pawili ambapo siku ile sikumwonyesha: kiganja alimopoa kifaranga, na sikio lililomsikia yeye akicheka, weye hauumiaka.